Mpaka Ndani ya Laptop ya Bwana Wafula

Hapana Chebet, usiifute. Nimesikia vile ulisema, ati laptop gani hii, ukiiwasha inaanza kukuuliza swali, kama unataka Windows ama Linux, na wewe kazi yako yote iko kwa Windows. Umesema pia ukiondoa huo upande mwingine utapata nafasi. Nafasi utapata, sikatai. Lakini wewe uliikuta tayari inauliza. Hujui ilifundishwa vipi kuuliza, na hilo swali linakaa mwanzo kabisa wa diski. Ukiguza hapo vibaya haitakuuliza kitu tena, na hiyo Windows yako pia haitafunguka. Kwa hivyo soma hii kwanza. Ukimaliza na bado unataka kufuta, futa. Mimi sitakuwa hapo.

Sitakuwa hapo kwa sababu nimestaafu. Barua ndiyo inasema hivyo, "kustaafu", barua moja sawasawa na ile walimpa mzee wa geti ambaye ana wajukuu. Mimi nina miaka ishirini na saba. Mradi umefika mwisho, ofisi ya Kitale inafungwa, nyinyi wachache mnabaki Bungoma na mashine. Mama yangu huko Kamukuywa ananiuliza kama sasa nitahitaji fimbo.

Nilianza nikiwa nimetoka tu Form Four. Mradi wetu ulikuwa wa kuchimba visima na kufundisha wakulima, na mimi niliandikwa kupiga taipu. Kompyuta ilikuwa moja, iko kwa chumba chake yenyewe, na pazia. Siku ya kwanza nilitumwa huko kuchukua karatasi. Mlangoni alisimama Mama Jentrix, sekretari wa ofisi, ufunguo shingoni kwa uzi.

"Vua," akasema.

"Nivue nini, Mama?"

"Viatu. Huoni hapa kuna kompyuta?"

Nikavua. Soksi yangu ilikuwa na tundu, kidole chote kiko nje kinasalimia watu. Yeye akakiangalia, akafungua mlango. Ndani mashine ilikuwa imevaa kava ya plastiki, na juu ya kava kitambaa cha uzi mweupe alichoshona mwenyewe, na maua pembeni. Kibodi ilikuwa na kitambaa chake. Printa ilikuwa na chake. Watoto wengi Kitale walikuwa hawafunikwi namna hiyo wakiugua surua.

Usicheke sana. Wewe umeanza kazi juzi, hujui vumbi ya Kitale mwezi wa kwanza, wakati malori ya mahindi yanapita mbele ya ofisi kutwa nzima. Vumbi inaingia hadi kwa chai. Kwa hivyo sheria ilikuwa: viatu nje, pazia imefungwa, na ukisimama kutoka kwa mashine, hata kama ni chai ya saa nne, unafunika. Tulifanya hivyo bila kufikiria, kama vile mtu anafunga mlango wa choo.

Kompyuta yenyewe nilifundishwa Bungoma, na Mwalimu Barasa. Alikuwa mwalimu wa hesabu, akachoka na chaki, akafungua chumba cha mashine nyuma ya duka la dawa. Mradi ulinipeleka kwake nijifunze kuandika barua. Mimi barua nilimaliza haraka, nikaanza kuuliza hii inaenda wapi, na ile inatoka wapi, na kama nikibonyeza hapa nini itatokea. Mwalimu hakuwa anajibu. Ukimuuliza swali anakurudishia lingine.

"Mwalimu, mashine imekataa kuwaka."

"Mara ya mwisho ikiwa mzima, ilikuwa inafanya nini?"

"Si uniambie tu!"

"Nasimiyu, haraka yako itakuua. Ilikuwa inafanya nini?"

Ilinikasirisha vibaya sana. Leo mashine yoyote ikikataa, hilo ndilo swali la kwanza linatoka kwa mdomo wangu.

Miaka miwili nilipiga taipu, halafu wakanihamisha chumba cha kompyuta. Sitaki kudharau taipu. Lakini taipu ukishaijua, imeisha. Barua ile ile, kaboni ile ile, "kwa heshima naomba kukujulisha", tena na tena. Hakuna kitu unaweza kuiuliza. Kompyuta kila siku ilikuwa na kitu sijui, na mimi nikijua kuna kitu sijui sikai vizuri.

Sasa hiyo laptop. Ilikuja ikiwa ya meneja, Bwana Wafula, na ilikuwa ya kwanza ofisini. Watu walikuja kuiangalia tu, hata dereva alivua viatu. Wakati huo huo tulikuwa na shida ya disketi. Ofisi ya Bungoma ilikuwa inatuma ripoti kwa disketi na pikipiki, inapita Webuye, inapita Kiminini, mvua ama vumbi, na ikifika kwetu nusu hazisomeki. Mwalimu Barasa akaniambia amepewa CD na mgeni fulani, ina sistemu inaitwa Linux, ya bure, na ndani kuna programu ya kutuma barua kwa laini ya simu. Yake ilikuwa tayari inafanya kazi. Akasema nikiweka hiyo sistemu kwa mashine moja Kitale, barua zitapita kwa waya, pikipiki ipumzike.

Kompyuta zetu kubwa zilikuwa nzee, hazina hata mahali pa kuingiza CD. Iliyokuwa na mahali ni moja.

Nikaenda kwa Bwana Wafula. Alikuwa mtu wa kusikiliza akiandika, hainui kichwa.

"Mkubwa, naomba laptop yako siku chache."

"Ya nini?"

"Nataka kuiwekea sistemu ya pili. Ikiwashwa iwe inauliza unataka ipi."

"Hii moja imekukosea nini?"

"Haijakosea, Mkubwa. Itabaki vile iko. Hiyo nyingine itakaa kando, ya kutuma barua Bungoma."

Hapo akainua kichwa. "Nasimiyu, Alhamisi naenda Bungoma, wakubwa wanatoka Nairobi. Ripoti ya visima yote iko humo, na ramani, na picha. Sina nyingine."

"Najua."

"Unajua. Basi sikia. Ikikosekana hata ramani moja, unarudi kwa taipu. Na hicho chumba nafunga, ufunguo unabaki na Mama Jentrix, kompyuta itakuwa ya kuandikia barua peke yake. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Mtu mwingine angesema basi tungoje wiki ijayo. Mimi sikufikiria wiki ijayo. Nilifikiria ile CD.

Sasa wewe utauliza, si ungetoa kopi ya ripoti kwanza? Tulijaribu. Pamoja na hizo picha, ripoti ilikuwa kubwa kuliko disketi yoyote. Tukaikata ikae kwa disketi nyingi, na tuliporudisha kujaribu, moja katikati ikakataa kusoma, na hizo zingine zote zikawa bure. Kwa hivyo ripoti ilikuwa mahali pamoja tu duniani, kwa laptop ambayo mimi nilitaka kuipasua diski vipande viwili.

Mwalimu alikuwa amenieleza hiyo maneno kwa njia ya shamba, na mimi sijapata njia nzuri kuliko hiyo. Diski ni shamba moja, Windows ndiye mwenye shamba, na amepanda kila mahali, kidogo hapa, kidogo pale. Unataka kumkatia mwingine kipande. Huwezi kupiga mpaka kama mahindi ya huyu bado iko upande huo, utayakata. Kwanza unamhamishia mazao yake yote upande mmoja. Halafu unapima mpaka. Halafu ndiyo mgeni anaingia. Hiyo kazi ya kuhamisha, Windows ina programu yake. Inakuonyesha viboksi vidogo vya rangi kwa skrini, vinahama kimoja kimoja, polepole. Na ikikatika katikati, kitu kilichokuwa kinahamishwa kinaweza kupotea.

Jumatatu asubuhi nikaanzisha. Viboksi vikaanza kuhama. Nikaangalia hadi macho yakaniuma, ikafika saa ya chai, nikafunika, nikaenda. Kurudi, nikafunua: viboksi vimesimama. Nikabonyeza hii na ile. Kimya. Imeganda. Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha, nikafungua ripoti. Iko. Nikaanza tena. Saa ya chakula nikafunika nikatoka. Kurudi, imeganda.

Mama Jentrix alikuwa kwa mlango. "Bado hata huyo wa pili hajaingia na tayari nyumba imeharibika?"

"Mama, wa pili bado yuko kwa CD."

"Huyu wa kwanza amesikia anakuja. Mwanamke anajua. Ungemjengea mwenzake jikoni yake mbali, ati unawaweka kwa boma moja ukubwa wa sahani!"

Wote kwa ofisi walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza taipu.

Jumanne nikabeba laptop, nikaenda Bungoma kwa Mwalimu. Akaniuliza, kama kawaida, ilikuwa inafanya nini. Nikamwambia. Akasema anzisha hapa tuone. Tukaanzisha, tukatoka nje kwa baraza tukanywa chai, tukaongea, tukarudi. Viboksi vinahama. Tukakaa tena. Vinahama tu, nzuri kabisa. Ilikuwa imebaki sehemu ndogo wakati stima ilipotea mji mzima. Betri ikatusaidia nikaisimamisha vizuri, lakini haikuwa na nguvu ya kumaliza. Stima haikurudi. Nikaanza safari ya kurudi Kitale.

"Huku inatembea na kwenu inaganda," Mwalimu akasema. "Sasa usitafute ugonjwa wa mashine. Tafuta kitu iko Kitale na haiko hapa."

"Kama nini?"

"Mimi sijui. Mimi sikai Kitale."

Angalia huyo mtu bana. Nilimkasirikia hadi Webuye. Baada ya Webuye nikaanza kufikiria.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Nikaanzisha kazi asubuhi, na nikaandika kichwani vitu viko Kitale na haviko Bungoma. Stima: labda ya kwetu inaruka. Nikachomoa waya, nikaiacha na betri, nikafunika, nikaenda kuulizia barua. Kurudi, imeganda. Basi si stima. Baridi: Kitale ni baridi kuliko Bungoma, labda mashine haipendi. Hiyo nilijicheka mwenyewe, lakini sikuiondoa. Meza: labda meza yetu inatikisika malori yakipita. Nikainua laptop niihamishe kwa meza nyingine, na hapo nikaiachia karibu ianguke.

Chini yake ilikuwa moto kama sufuria.

Nikasimama hapo na soksi zangu. Baridi ya Kitale, na hii kitu inachoma mkono. Nikakumbuka chumba cha Mwalimu jana: dirisha wazi, na nje kwa kamba ya nguo, kava zote za mashine zake zimeanikwa. Mke wake alikuwa amezifua. Tuliiacha laptop bila nguo tukaenda kunywa chai, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuifunika.

Nikaweka kava pembeni. Nikaweka kitambaa pembeni. Nikaanzisha tena, na hiyo mara sikuenda mahali. Viboksi vikahama. Saa ya chai ikapita. Vinahama.

Mama Jentrix akaingia, viatu mkononi, akasimama kama ameona nyoka.

"Nani ameacha hii laptop uchi?"

"Ni mimi, Mama."

"Na vumbi?"

"Mama, inapumua. Tukiifunika inakosa hewa, inachemka, inaganda."

"Inapumua! Nasimiyu, kompyuta nimefunika kabla wewe uvae yunifomu ya sekondari. Iko moja imekufa? Nitajie."

Ilikuwa kweli. Hakuna iliyokufa. Nikafikiria kwa nini, na jibu likaja nikiwa bado nafungua mdomo.

"Mama, zile kubwa, ulikuwa unazifunika zikiwa zimezimwa ama zikiwa zinafanya kazi?"

"Zimezimwa. Nani anaondoka kwa mashine ikiwa inafanya kazi?"

"Hii ndiyo ya kwanza tumeacha inafanya kazi peke yake."

Akaiangalia kava pale pembeni. Hakuwa mtu wa kukubali haraka, na mimi pia sikuwa mtu wa kungoja, lakini nilingoja. Akaweka viatu chini, akainama, akapeleka kiganja kando ya laptop, pale kwenye matundu. Akakiacha hapo kwa muda.

"Kumbe inatoa pumzi," akasema polepole. "Moto hivi. Na sisi tumeifunga mdomo."

Halafu, Chebet, huyo mama akachukua kalenda ya ukutani, akavuta kiti, akaanza kuipepea laptop kama mtu anawasha jiko. Nikamwambia si lazima. Akasema nyamaza, angalia viboksi vyako. Alipepea akibadilisha mkono, na watu wakipita kwa dirisha wanauliza mnachoma mahindi?

Mchana viboksi vikaisha. Mazao yote upande mmoja. Nikapigia Mwalimu kwa simu ya ofisi, nikaanzisha ile programu ndogo ya kupima mpaka.

"Unaona maneno gani?" akauliza.

"Inauliza kama nina uhakika."

"Soma yote, usirukeruke."

Nikasoma yote, hata yale sikuelewa, neno kwa neno kwa simu. Akasema sawa. Nikabonyeza. Ikachukua muda mfupi, mfupi hata inaudhi, baada ya taabu yote hiyo. Nikaiwasha upya, Windows ikafunguka, nikafungua ripoti. Mama Jentrix na mimi tuliipitia ukurasa kwa ukurasa, yeye akisema jina la kila kisima kwa sababu ndiye aliandika ile ya kwanza kwa taipu. Ramani zote ziko. Picha zote ziko. Hata ile ya Bwana Wafula amefumba macho.

Mgeni akaingia vizuri kwa CD, kwa kipande chake. Hadi swali la mwisho. Linux iliuliza: yule wa kukaa mlangoni, ambaye ataamka kwanza laptop ikiwashwa na kuuliza mtu anataka ipi, nimuweke wapi? Kwa mwanzo wa diski, ama kwa disketi?

Nikampigia Mwalimu tena. "Weka kwa disketi," akasema haraka, mara ya kwanza maishani bila kuniuliza kitu. "Ukitaka Linux unaingiza disketi. Ukiitoa, ni Windows tu, mkubwa wako hatajua hata kuna mtu mwingine humo."

"Na kwa mwanzo wa diski?"

"Kitu kikiharibika hapo, haifungui yoyote. Asubuhi ya mkutano. Unataka?"

"Nina disketi ya kuokoa, ya kufungulia mashine ikikwama. Nimeijaribu, imefungua."

"Basi unajua. Nimenyamaza."

Nikaruka hilo swali, kwa sababu linaweza kujibiwa baadaye. Nikazima. Kama ningeiacha hivyo, laptop ingefunguka kama zamani, na Linux ingekuwa imelala huko ndani bila mtu kujua isipokuwa mimi.

Bwana Wafula akapita akienda nyumbani, akasimama mlangoni, viatu vyake havijavuka kizingiti. "Imeisha?"

"Ripoti yote iko, Mkubwa. Mama Jentrix ameiona."

"Sikuuliza ripoti. Nimeuliza kama imeisha."

"Imebaki kitu moja."

Akaniangalia. "Kesho natoka saa mbili," akasema, akaenda.

Nikafunga chumba. Njia yote ya kwenda nyumbani nilikuwa nabishana mwenyewe. Disketi ilikuwa salama, na salama ndiyo kitu nilikuwa nimeahidi. Lakini disketi ndiyo hizo hizo zilikuwa zinakufa kwa pikipiki. Na tena ilikuwa ya kuficha. Nilimwambia Bwana Wafula mashine itauliza, akakubali iulize. Nikiificha, basi nitakuwa nimefanya kazi ya wiki kwa mashine ya mtu kama mwizi, na siku moja akiigundua atafunga chumba kwa haki. Nikiiweka usiku peke yangu na ivunjike, atakuta maiti asubuhi. Zote mbili zilikuwa mbaya kwa sababu moja, kwamba yeye hakuwepo.

Kabla nilale nikawa nimeamua. Asubuhi nitafika saa moja, nimngoje kwa geti kabla aingie ofisini kwake. Nitamwambia, Mkubwa, vua viatu uingie. Nitamvutia kiti, nimfungulie ripoti yake aione kwanza, niweke disketi ya kuokoa mezani mbele yake, na nimwambie wazi ni nini inaweza kuvunjika na nitaitengeneza vipi. Akisema hapana, nitaacha. Akisema ndiyo, nitabonyeza Enter yeye akiwa ameketi hapo, anaangalia skrini moja na mimi.